Otunga: Mtoto wa chifu aliyekuwa askofu wa askari

Maurice Otunga angekuwa chifu. Alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja, na mzee alitaka amrithi. Kijana akakataa kiti, akaenda seminari. Alisoma Uganda, kisha Roma, na huko akapewa upadri mwaka 1950.

Yaliyofuata wengi wanayajua: askofu wa Kisii 1960, Askofu Mkuu wa Nairobi 1971, kadinali wa kwanza wa Kenya 1973. Kinachosahaulika ni kwamba kuanzia 1981 alibeba na mzigo mwingine, kuwalea Wakatoliki walioko jeshini.

Kazi hiyo si nyepesi. Muumini wa kawaida ana parokia yake, padri anaujua ukoo mzima. Askari leo yuko Nanyuki, kesho Gilgil. Uhamisho ukija, mama na watoto wanafungasha. Mtoto aliyeanza mafundisho ya komunyo atayamalizia wapi? Ndiyo maana Kenya ilipewa jimbo la kijeshi mwaka 1964, ambalo mapadri wake wanafuata watu, siyo mipaka. Tanzania halipo, Mkatoliki mwenye magwanda kule Karagwe au Kyerwa yuko chini ya Jimbo la Kayanga, kama jirani yake raia.

Otunga hajamaliza hata miaka miwili, balaa likaja. Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Anga walijaribu kumpindua Rais Moi. Wakashindwa, jeshi lao likavunjwa, wengi wakaishia jela. Kwa serikali hao walikuwa waasi tu. Kwa kanisa, Mkatoliki aliyefungwa na Mkatoliki aliyemkamata wote walikuwa kondoo wa askofu mmoja, na nyuma yao kulikuwa na wake na watoto.

Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa sheria mpya kuhusu majimbo hayo. Iliwataja wazi walio chini ya askofu wa jeshi: askari, mwenzi wake, watoto, ndugu wanaoishi naye, hadi dada wa kazi anayelala humo ndani.

Otunga aliachia ngazi 1997, na kiti cha jeshi kikaenda kwa Askofu Alfred Rotich. Mzee hakujitafutia jumba. Alihamia kwenye nyumba ya wazee maskini inayotunzwa na masista, Nairobi, akaishi nao hadi alipofariki Septemba 6, 2003.