William Herschel, Mpiga Kinanda Aliyechunguza Mbingu

William Herschel alizaliwa mwaka 1738 katika mji wa Hannover, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa jeshi, naye mwana akaifuata kazi hiyo. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, na baadaye akawa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath.

Mchana alifundisha muziki, usiku alitazama nyota. Alijitengenezea darubini, akisugua vioo vya shaba na bati kwa mikono yake mwenyewe. Kazi hiyo haikuruhusu kupumzika, hata dada yake Caroline akamlisha kinywani. Tarehe 13 Machi 1781 akaivumbua sayari Uranus, na sifa zake zikaenea Ulaya yote.

Kisha alitafuta mawingu madogo ya nuru yaliyo mbali angani. Mengine yalikuwa mviringo kama sayari, akayaita nebula za sayari. Siku hizo aliamini kwamba kila wingu ni nyota nyingi zilizo mbali mno. Lakini tarehe 13 Novemba 1790 aliona nyota moja tu, nalo wingu limeizunguka pande zote. Hapo alitambua kwamba wingu lile si nyota. Ingawa alikuwa mtu mashuhuri, hakuona haya: mwaka 1791 aliandika waziwazi kwamba ameyaacha mawazo yake ya kwanza.

Leo twajua kwamba nebula hizo ni hewa iliyotupwa na nyota iliyozeeka. Tena twajua kwamba wingu jingine aliloliona mwaka 1787, liitwalo NGC 185, ni galaksi ndogo, yaani jamii ya nyota nyingi mno. Nuru yake husafiri miaka kama 2,000,000 kabla ya kutufikia.

Ndani ya galaksi hiyo wataalamu wamepata nebula za sayari. Huzitambua kwa nuru ya kijani itokayo katika oksijeni. Nuru ikigeuka kidogo kuelekea wekundu, nebula inakwenda mbali nasi; ikielekea buluu, inatukaribia. Kwa mwendo huo hukadiria uzito wa galaksi, na kwa rangi za nuru hujua nyota zake zilifanyika kwa vitu gani.

Herschel alifariki tarehe 25 Agosti 1822. Aliyaona mawingu ya namna zote mbili, asijue kwamba moja litakuwa taa ya kulichunguza jingine. Nasi tukumbuke: mwenye elimu ya kweli hukubali kusahihishwa.