James Chapin na Unyoya wa Avakubi

Watu wa Kasongo na wa Kabambare wamezoea kuwapambanua wanyama kwa alama zao. Mwindaji aonaye nyayo kando ya mto Luama hujua kama ni za nguruwe au za paa. Mtoto aokotaye unyoya mweusi wenye madoa meupe husema mara moja kwamba ni wa kanga. Lakini mtu afanyeje akiokota unyoya asioujua? Maisha ya James Chapin yanaonyesha njia.

Chapin alizaliwa New York, nchi ya Marekani, mwaka 1889. Tangu utoto wake alipenda kutazama ndege. Mwaka 1909, alipokuwa kijana wa miaka 19, alisafiri kuja Kongo pamoja na mkubwa wake, Herbert Lang. Walitumwa na nyumba ya makumbusho ya New York ili wakusanye wanyama wa nchi hii. Wakakaa hata mwaka 1915, wakisaidiwa na wapagazi na wawindaji wenyeji, wakapata ndege zaidi ya 6,000.

Lakini kukusanya hakutoshi. Yafaa kila mnyama apewe mahali pake. Kwa kazi hiyo wenye elimu hutumia kitu kiitwacho ufunguo. Huo si ufunguo wa chuma, bali ni maswali yaliyopangwa kwa taratibu. Kila swali lina majibu mawili, na mtu huchagua lile ambalo macho yake yanalishuhudia. Ndipo jibu lile humpeleka kwenye swali lingine, mpaka afike kwenye jina.

Tuseme mtu ameshika popo. Je, ana manyoya ya ndege? Hana, mwili wake una nywele. Je, jike lake hunyonyesha? Ndiyo. Je, ana mabawa ya ngozi? Ndiyo. Basi popo, ingawa anaruka, si ndege. Yu katika jamaa ya wanyama wanyonyeshao. Kakakuona naye ana magamba, hata mtu aweza kumdhania kuwa ni ndugu wa mjusi; lakini tumboni ana nywele, na mtoto wake hunyonya. Ajibuye kwa haraka hupotea njia tangu swali la kwanza.

Mwaka 1913 Chapin alikuwa Avakubi, katika msitu wa Ituri. Huko aliona kofia ya mwenyeji mmoja iliyopambwa kwa manyoya ya ndege. Aliyatambua yote, ila unyoya mmoja wa bawa, wenye rangi ya hudhurungi na mistari myeusi. Akaulinganisha na ndege wote aliowajua, usifanane na hata mmoja. Hakuubandika jina la kubahatisha. Akauweka, akarudi nao kwao.

Miaka ikapita. Chapin akaandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Kongo. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1932, na ya mwisho mwaka 1954. Hata mwaka 1936 akaenda Tervuren, katika nchi ya Ubelgiji, kuchungua ndege waliohifadhiwa katika makumbusho ya Kongo. Juu ya kabati moja, mahali pasipopitwa na watu wengi, akaona ndege wawili waliokaushwa. Kibao chao kilisema kwamba ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Chapin hakukisadiki kibao, akatazama alama. Dume alikuwa na miguu yenye vipi, kama ndege mzima, si mchanga. Na bawa la jike lilikuwa na manyoya ya hudhurungi yenye mistari myeusi, sawasawa na ule unyoya wa Avakubi.

Ndipo akajua kwamba huyu ni ndege wa namna yake, naye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote. Akamwita Afropavo congensis, maana yake tausi wa Afrika, wa Kongo. Tausi wengine wote asili yao ni Asia. Mwaka 1937 Chapin akarudi Kongo, akaingia msituni pamoja na wawindaji, akawapata ndege hao. Wenyeji walikuwa wakiwajua siku zote. Waliokuwa hawajui ni watu wa vitabu.

Chapin alifariki New York mwaka 1964. Tausi wake yupo hata leo, katika misitu ya Kongo peke yake, na wengine wao wamo Maniema, katika Hifadhi ya Lomami iliyowekwa mwaka 2016.

Kwa miaka 23 Chapin aliutunza unyoya mmoja bila jina, kuliko kuupa jina la uongo. Na wale tausi wa Tervuren walikaa miaka mingi chini ya jina lisilo lao, kwa sababu watu walisoma kibao wala hawakumtazama ndege.