Profesa George Saitoti na Dhoruba ya 1991

George Kinuthia Saitoti alizaliwa tarehe 3 Agosti 1945, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni na mataifa makubwa mawili yakijiandaa kutazamana kwa chuki. Alisoma Mang'u, akaelekea Chuo Kikuu cha Brandeis nchini Marekani, kisha Sussex na Warwick, Uingereza, alikopata shahada ya uzamifu katika hisabati. Alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi mwaka 1983, Rais Moi alipomteua mbunge na kumkabidhi Wizara ya Fedha. Mwaka 1988 akawa mbunge wa Kajiado Kaskazini. Mei 1989, Makamu wa Rais.

Miezi michache baadaye Ukuta wa Berlin ulibomolewa. Serikali za Ulaya Mashariki ziliporomoka, na siku ya Mwaka Mpya wa 1990 Mchungaji Timothy Njoya akahubiri jijini Nairobi kwamba Afrika nayo ingefikiwa na wimbi hilo. KANU, chama pekee kisheria tangu 1982, ilighadhabika. Hata hivyo, ni Saitoti aliyepewa kamati ya kuzunguka nchini kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu chama. Waliofika mbele yake walisema mengi kuliko alivyotumwa kusikia. Desemba 1990 chama kilikubali kuuondoa upigaji kura wa mlolongo. (Wanaisimu wa kwetu wangefaa kulichunguza neno hili: karibu na Kitengela upo mji uitwao Mlolongo, na wenyeji husema jina lilitokana na foleni za malori, si za wapiga kura.) Mfumo wa chama kimoja ukabaki.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Profesa alipoijua hesabu na kusita kuandika jibu. Magharibi ilikuwa imeivumilia Kenya kwa kuwa ilikuwa rafiki dhidi ya Moscow. Uhasama huo ulipofifia, uvumilivu nao ulikwisha. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada, naye akiwa bado Waziri wa Fedha. Tarehe 3 Desemba wajumbe wa KANU walikubali vyama vingi huko Kasarani; tarehe 10 Bunge likakifuta kifungu cha 2A. Tarehe 25 mwezi huohuo Gorbachev alijiuzulu, na Muungano wa Kisovieti ukatoweka.

Kashfa ya Goldenberg ilimwandama miaka mingi, mpaka mahakama ilipoamua mwaka 2006 kwamba asishtakiwe. Mwaka 2002 Moi alimpita katika urithi wa urais. Akahamia upinzani, na Januari 2003, akiwa Waziri wa Elimu, alisimamia elimu ya msingi bila malipo.

Lakini mabaki ya vita baridi yalimfuata. Siad Barre wa Somalia, aliyewahi kufadhiliwa na Moscow kisha na Washington, alianguka Januari 1991, akiacha silaha tele na nchi isiyo na serikali. Miaka ishirini baadaye, Oktoba 2011, Saitoti, sasa Waziri wa Usalama wa Ndani, alikuwa miongoni mwa waliotangaza kwamba Kenya ingewafuata Al-Shabaab ndani ya Somalia.

Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka Kibiku, karibu na Ngong. Saitoti alifariki pamoja na naibu wake, Orwa Ojode, na wengine wanne. Alizikwa nyumbani kwake Kitengela.