Henry Leland: Mzee aliyetaka kila spea ipimwe kabla ya kufungwa

Ushawahi kununua spea mpya kabisa, ukafika gereji fundi akaanza kuipiga tupa ndiyo iingie? Magari yalipoanza, hata viwandani mambo yalikuwa hivyohivyo. Aliyeonyesha dunia kwamba inawezekana kufanya tofauti ni Mmarekani, Henry Leland.

Alizaliwa Vermont mwaka 1843. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani alifanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha Springfield, na baadaye Brown & Sharpe, watengenezaji wa mashine na vipimo. Kwenye bunduki alijifunza kitu kimoja: kipuri cha hii lazima kiingie kwenye ile bila kulazimishwa.

Mwaka 1890 akahamia Detroit na kufungua karakana yake. Mwaka 1901 alitengenezea magari ya Oldsmobile injini. Ramani ilikuwa ileile ya wengine, lakini za kwake zilitoa nguvu zaidi. Siri? Vipimo sahihi, msuguano mdogo.

Mwaka uliofuata, wenye hisa wa kampuni aliyoiacha Henry Ford walimwita athamini mitambo ili waiuze. Yeye akawashauri wasifunge, watumie injini yake. Hapo ndipo Cadillac ilipozaliwa.

Mtihani mkubwa ulikuja 1908, Uingereza. Klabu ya magari ya nchi hiyo ilichukua Cadillac tatu, ikazifungua zote mpaka msumari wa mwisho na kuchanganya vipuri. Vipuri 89 vikatolewa kabisa, vikawekwa vingine kutoka stoo ya muuzaji. Mafundi waliruhusiwa spana na bisibisi tu, tupa marufuku.

Fikiria kipuri kimoja tu kingegoma. Jina lote lingeanguka mbele ya Waingereza!

Magari yakaungwa tena, yakiwa na rangi mchanganyiko, yakawaka, na yakakimbia takriban kilomita 800 kwenye uwanja wa Brooklands. Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar.

Mwaka 1909 kampuni ikauzwa kwa General Motors. Leland aliondoka 1917, akiwa na zaidi ya miaka 70, akaanzisha Lincoln. Huko mambo yalibana: madeni yakamzidi, na 1922 Ford akainunua kwa dola milioni 8. Miezi michache baadaye, mzee na mwanawe Wilfred wakawa nje. Leland alifariki 1932.

Kwa mwenye gari la zamani leo, somo lake bado linauma. Vipuri vile viliingia kwa sababu vyote vilipimwa kwa kipimo kimoja. Pistoni unayonunua leo imetengenezwa na kampuni nyingine, na silinda yako imeshalika au kuchongwa upya. Boksi kuandikwa jina la gari lako haitoshi.

Kwa hiyo mwambie fundi apime kwanza. Gepu kati ya pistoni na silinda likiwa dogo, pistoni ikipata moto inatanuka na kugoma. Ncha za ringi zikikosa nafasi, zinagusana na ringi inavunjika. Gepu likizidi, gari linatoa moshi na kunywa oili.

Kupima ni dakika chache. Kufungua injini upya ni mshahara wa mwezi.