Habib Saleh na Chuo cha Kando ya Mji

Hapa kwetu Likoni, mzazi akitaka kumsifu mwanawe humwambia jirani kuwa mtoto avuka feri kwenda kusoma mjini. Asomeshwa nini huko, hakuna aulizaye. Nami kila nisikiapo hayo humkumbuka marehemu Habib Saleh bin Alawi Jamalilleil.

Sharifu huyu alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu angali kijana, akasoma kwa maulamaa wa huko. Alipoanza kusomesha hakutafuta nafasi Mkomani, kwenye majumba ya mawe. Alikaa Langoni, kando ya mji, katika kibanda cha udongo na makuti, na darasa lake lilikuwa wazi kwa wageni, mafukara na waliokuwa watumwa. Baadhi ya waungwana walinuna. Kwao elimu kubwa haikuwa ya kila mtu. Wakazidi kununa maulidi ya Al-Habshi yaliposomwa msikitini kwa matwari.

Habib hakuhama, wala hakubagua. Kibanda kikazaa Riyadha, msikiti na chuo, na wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima. Alifariki katika miaka ya 1930, na hata leo watu humiminika Langoni kila mwaka kwa Maulidi.

Wazee wenzangu wa ng'ambo hii, kabla ya kumpandisha mtoto feri, tuvichungulie kwanza vyuo vya mitaani mwetu: nani asomesha, na nani apokewa mlangoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Habib. Amin.