Alfred Büchi, Mswisi aliyeipa injini pumzi kwa moshi wake yenyewe

Wenye magari wa Pwani wanaosafiri hadi Nakuru hulijua jambo hili. Gari lililokuwa likienda vizuri Mombasa, likifika kule Milimani huanza kulemewa kila linapokutana na kilima. Mafuta ni yale yale na fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni hewa. Mji wa Nakuru uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Kilindini kwa kama asilimia 17. Injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa inayoivuta. Hewa ikipungua, na nguvu hupungua.

Hapo ndipo vijana wapenda magari hujiwa na wazo la kujitengenezea kisukuma hewa cha umeme: kuchukua feni au mota ya mashine ya kufyonza vumbi, kuifunga kwenye bomba la hewa na kuunganisha waya kwenye betri, ili injini ishindiliwe hewa kwa nguvu. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Lakini kabla ya kukata waya, ndugu msomaji, ni vyema kumjua mtu aliyetumia miaka ishirini ya maisha yake kutafuta jibu la swali hilo hilo.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika mji wa Winterthur, Uswisi. Winterthur ulikuwa mji wa viwanda, na baba yake alikuwa mkubwa katika kampuni ya Sulzer iliyounda mashine za mvuke na injini. Kijana akakua akisikia ngurumo za mashine kama watoto wetu wanavyokua wakisikia mawimbi. Mwaka 1899 aliingia chuo cha ufundi cha Zürich kusomea uhandisi wa mitambo, akamaliza mwaka 1903. Baadaye alifanya kazi Ubelgiji na Uingereza kabla ya kurudi kwao.

Kilichomnyima raha ni upotevu. Katika injini ya siku zile, kama za leo, sehemu ndogo tu ya joto la mafuta hugeuka kuwa kazi. Kiasi cha theluthi moja hutoka na moshi kupitia bomba la nyuma na kupotelea hewani. Kwa Büchi hali hiyo ilikuwa kama ya nahodha anayeuacha upepo mzuri upite huku tanga limekunjwa.

Tarehe 16 Novemba 1905, akiwa na umri wa miaka 26, alipata hataza ya wazo lake. Moshi unaotoka kwenye silinda, ambao bado una joto na kasi, uzungushe gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo nalo lizungushe jingine linaloshindilia hewa safi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yatachomeka vizuri, na injini ya ukubwa ule ule itatoa nguvu zaidi. Leo mafundi wa gereji zetu hukiita chombo hicho tabo.

Kwenye karatasi jambo lilikuwa zuri. Kiwandani lilikuwa taabu. Vyuma vya wakati ule havikuhimili joto lile pamoja na kasi ile. Injini ya majaribio aliyoitoa mwaka 1915 haikuweza kudumisha msukumo wa hewa, na wengi wangekuwa wameshakata tamaa. Wengine nao walikuwa njiani. Auguste Rateau wa Ufaransa alikuwa akishughulikia injini za ndege. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, kiasi cha mita 4,300, kuonyesha kwamba injini yenye tabo haiishiwi pumzi mlimani. Mkazi wa Milimani ataielewa maana ya jaribio lile bila kufafanuliwa.

Ushindi wa Büchi ulikuja kwa njia ya bahari. Katikati ya miaka ya 1920, meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli zenye mfumo wake. Nguvu ya kila injini ilipanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Mwaka 1925 aliongeza hatua nyingine: kuyagawa mabomba ya moshi ili mapigo ya silinda moja yasigongane na ya nyingine, na kuacha hewa safi ipite kuisafisha na kuipoza silinda. Kuanzia hapo makampuni yakamfuata, Brown Boveri ikiwa miongoni mwa washirika wake. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya huko huko Uswisi, ikatoa injini ya lori yenye tabo.

Büchi alifariki mwaka 1959. Magari madogo ya kwanza yenye tabo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1962, naye hakuyaona.

Sasa turudi kwenye feni yetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nguvu nayo ni mali. Tupige hesabu. Injini ya sisi 1500 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza kiasi cha lita 4,500 za hewa katika dakika hiyo. Kuishindilia hewa hiyo kwa theluthi moja tu kunahitaji kilowati 4 hivi. Kwa betri ya volti 12, hizo ni zaidi ya amperi 300, ilhali alternata ya gari dogo hutoa chini ya 100. Feni ya kawaida haina nguvu hizo. Mara nyingi huziba njia, na injini hupata hewa pungufu kuliko ilipokuwa ikijivutia yenyewe. Mota kubwa nayo, ikifungwa kwa waya mwembamba, inaweza kuwasha moto chini ya boneti.

Umeme wenyewe hauna kosa. Mwaka 2016 Audi ilitoa gari la SQ7 lenye kisukuma hewa cha umeme cha kilowati 7, lakini lilikuwa na mfumo wake wa volti 48, na kilisaidia kwa muda mfupi tu hadi tabo zenyewe zipate kasi.

Büchi alianza kwa kuuliza nguvu itatoka wapi, ndipo akauliza itaingizwaje. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa na makontena, yakapita Nakuru na kupanda Mau Summit kuelekea Uganda, yanakwea kwa jibu lake: moshi uliokuwa ukitupwa. Kijana mwenye bisibisi mkononi aanze na swali hilo la kwanza, aliandike na kulipigia hesabu, kabla hajaigusa betri.