Daktari Mary Fulton na Mabinti wa Xiguan



Ukiingia mitaa ya zamani ya Xiguan, wilaya ya Liwan, utaikuta Duobao Lu, na humo iko hospitali ambayo wenyeji wanaijua sana kwa kazi ya kuzalisha. Jina lake rasmi leo ni refu: Hospitali Shiriki ya Tatu ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Guangzhou. Jina lake la zamani ni Rouji. Jumapili hii tunamkumbuka dada aliyeianzisha, Daktari Mary Hannah Fulton.

Alizaliwa mwaka 1854 katika mji mdogo wa Ashland, jimbo la Ohio, Marekani. Kabla ya kuwa daktari alikuwa mwalimu, akafundisha shule huko Indianapolis. Baadaye akaingia chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia, akahitimu 1884, na mwaka huohuo akatumwa na Wapresbiteri kuja Guangzhou, mji ambao wageni wa siku zile waliuita Canton. Kaka yake, Mchungaji Albert Fulton, alikuwa amemtangulia. Mary hakuolewa. Kwa hiyo familia yake ya ugenini ilikuwa kaka, wifi na mtoto wao, nasi tulioishi mbali na kwetu tunajua ndugu mmoja aliye karibu ana thamani gani.

Haukupita muda mrefu wakapanda Mto wa Magharibi pamoja hadi Guiping, mji mdogo katika Guangxi, ili aanze kutibu huko. Wagonjwa walikuja. Lakini mwaka 1886 umati uliwavamia, nyumba ikaporwa na kuchomwa, nao wakakimbia na mtoto mdogo mikononi.

Hapa tusiwe wepesi wa kuhukumu. China ilikuwa imepigwa na mizinga ya Waingereza katika vita vya kasumba, na wamisionari waliruhusiwa kuingia bara kwa mikataba iliyosainiwa baada ya kushindwa huko. Mwaka mmoja kabla ya moto wa Guiping, wachimba makaa wa Kichina 28 waliuawa na wazungu huko Rock Springs, Wyoming. Wachina wengi waliokwenda Marekani kutafuta riziki wakati ule walitoka mkoa huuhuu wetu wa Guangdong. Hatusemi kwamba habari hizo ndizo zilizochoma nyumba ya akina Fulton. Tunasema tu kwamba mgeni hafiki mahali akiwa mtupu. Hufika na mzigo wa yale ambayo watu wake wamewatendea wenyeji, hata kama yeye mwenyewe hakuyatenda.

Mary angeweza kurudi Ohio. Alirudi Guangzhou, akafungua zahanati.

Hospitali kubwa ya wamisionari ilikuwa ile iliyoanzishwa na Peter Parker mwaka 1835, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na Daktari John Kerr. Wengi wetu tunaipita tukienda kando ya mto, pale Yanjiang Xi Lu. Leo inaitwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Sun Yat-sen, maana Sun Yat-sen alianza kusomea udaktari pale 1886. Shida ilikuwa kwa akina mama. Mwanamke wa nyumba ya heshima hakutaka kuvuliwa nguo na daktari mwanamume, na mumewe na mama mkwe hawakutaka pia. Wengi walingoja nyumbani mpaka mambo yaharibike. Sisi tuliofanya kazi wodi ya wazazi kule nyumbani tunamfahamu mama wa namna hiyo: analetwa siku ya tatu ya uchungu, na wote wanauliza kwa nini mmechelewa. Madaktari wanawake walikuwa wachache mno. Alikuwapo Mary Niles, aliyefika 1882 na ambaye baadaye alianzisha shule ya mabinti vipofu, kisha Fulton. Wanawake wawili au watatu kwa mji mzima!

Mwaka 1899 Daktari Kerr alihamia Fangcun, ng'ambo ya mto, kwenye hospitali yake mpya ya wagonjwa wa akili. Wanafunzi wa kiume wakamfuata. Mabinti wachache waliokuwa wakisomea udaktari wakabaki hawana shule. Kwa maoni yetu hapa ndipo maisha ya Fulton yalipogeuka. Alikuwa na miaka 45 na wagonjwa wa kumtosha. Akarudia kazi yake ya kwanza, ualimu. Aliwachukua mabinti wale, akaanza kuwafundisha Xiguan, kwenye majengo ya kanisa na zahanati.

Fedha zilitoka mbali. Waumini wa kanisa moja la Brooklyn walichangia hospitali ya wanawake na watoto, ikapewa jina la mchungaji wao, David Gregg. Hiyo ndiyo Rouji. Mwenye gazeti mmoja wa Fort Wayne, Indiana, Edward Hackett, alitoa fedha za chuo, kikaitwa Hackett. Baadaye binti yake Martha, ambaye naye alikuwa daktari, alikuja mwenyewe kufundisha. Kisha ikafunguliwa shule ya wauguzi, iliyoitwa kwa jina la Julia Turner. Sisi wauguzi tunaitaja kwa furaha, maana kumwosha na kumgeuza mgonjwa asiye ndugu yako kulionekana kazi ya mtumishi wa ndani, si ya binti aliyesoma.

Masomo yalitolewa kwa lugha ya wanafunzi wenyewe. Vitabu havikutosha, kwa hiyo Fulton akaketi kutafsiri: magonjwa ya wanawake, magonjwa ya watoto, uuguzi wa waliopasuliwa tumbo. Nani kati yetu hajawahi kukwama hapo? Tulisoma kwa Kiingereza, mgonjwa anauliza kwa Kiswahili ana ugonjwa gani, na ghafla tunatafuta neno ambalo hatukufundishwa. Kutafsiri kitabu kizima cha tiba ni kazi ya miaka, na haina makofi.

Mwaka 1912 Sun Yat-sen, ambaye miezi michache nyuma alikuwa Rais wa muda wa Jamhuri mpya, alikitembelea chuo hicho. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini afya ya Fulton ilikuwa inadhoofika, na 1915 aliwaachia wengine kazi, akahamia Shanghai kuendelea na tafsiri.

Huko Shanghai kuna jambo ambalo tungependa watoto wetu wa shule ya Jumapili walijue. Wakantoni walikuwa wengi mjini humo, wafanyabiashara na familia zao. Walikuwa Wachina ndani ya China, lakini mahubiri kwa Kishanghai yaliwapita juu ya kichwa, kwa sababu lugha hizo mbili hazisikilizani. Walitaka kuabudu kwa lugha ya kwao. Mama huyu mgonjwa, aliyepita miaka 60, akawasaidia kuchangisha fedha za kujenga kanisa la Wakantoni. Mmarekani aliyejifunza lugha ya Guangzhou, akiwatafutia watu wa Guangzhou mahali pa kusali ugenini. Sisi tunaokusanyika kila Jumapili kwa Kiswahili katika mji huuhuu wao, hatuhitaji kuelezwa kwa nini walilihitaji.

Mwaka 1918 alirudi Marekani, akafariki Pasadena, California, 1927.

Chuo cha Hackett kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Lingnan mwaka 1936. Hospitali haikufungwa. Mmoja wa waliohitimu Hackett miaka ya 1920, Daktari Liang Yiwen, alifanya kazi Rouji kwa miongo mingi, akazalisha na kufundisha wakunga na madaktari wa kizazi baada ya kizazi, mpaka Wachina wakawa wanamtaja sambamba na Daktari Lin Qiaozhi wa Beijing: kaskazini Lin, kusini Liang.